Kipande cha mielini: jinsi sindano moja inavyoigeuza kinga ya kipanya dhidi ya mishipa yake ya fahamu

Chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa, ile aliyoitumia Louis Pasteur kwa binadamu mjini Paris mwaka 1885, ilitoka kwenye mgongo wa sungura. Sungura aliyekufa kwa kichaa alitolewa ule ugwe mweupe unaopita ndani ya pingili za uti, ukaanikwa siku kadhaa mpaka virusi vikadhoofika, ukasagwa, ukadungwa. Mwaka 1911 David Semple, akiwa India, alibuni chanjo nyingine ya ubongo wa wanyama uliotiwa fenoli, na kwa miongo mingi nchi nyingi ziliitegemea. Chanjo hizo ziliokoa watu wengi sana. Lakini wako waliodungwa, na baada ya wiki mbili hivi miguu ikalegea, mkojo ukafunga, wengine wakapoteza fahamu. Hawakuwa na kichaa. Kilichowaumiza ni ule ubongo wa mnyama uliokuwa ndani ya sindano.

Leo mtu akiumwa na mbwa Kisauni au Likoni hapa Mombasa, chanjo anayopewa imeoteshwa kwenye seli za maabara na haina ubongo ndani yake, kwa hiyo habari hii isimzuie mtu yeyote kuikimbilia hospitalini siku hiyo hiyo. Tumeanzia hapa kwa sababu swali lililoachwa na ile chanjo ya zamani ndilo lililozaa njia ya maabara inayotumika kuuchunguza ugonjwa wa maltipo sklerosisi, au MS, ambao kinga ya mtu huushambulia ubongo na ugwe wake mwenyewe: kwa nini ubongo wa mnyama mwingine, ukiingizwa chini ya ngozi, uuchochee mwili kuushambulia ubongo wake wenyewe?

Thomas Rivers na wenzake huko New York walilijibu nusu yake. Mwaka 1933, na tena 1935, waliripoti kwamba kima waliodungwa ubongo wa sungura usio na virusi vyovyote, sindano baada ya sindano kwa miezi, walipata uvimbe katika ubongo, na mahali palipovimba palikuwa pamevuliwa mielini, yaani utando unaozifunika neva. Walihitaji makumi ya sindano kwa kila kima. Mwaka 1947 Elvin Kabat aliuchanganya ubongo na mafuta yenye bakteria wafu wa kifua kikuu, kichochezi kilichobuniwa na Jules Freund, na kima wakaugua kwa sindano chache tu. Ugonjwa huo wa kutengenezwa leo huitwa EAE, kifupi cha Kiingereza "experimental autoimmune encephalomyelitis", yaani uvimbe wa ubongo na ugwe unaoletwa na kinga ya mwili katika majaribio. Mafuta hayo tutayarudia, kwani ndiyo kiini cha mambo.

Kwanza mielini yenyewe. Ni utando wa mafuta na protini unaoizunguka nyuzi ya neva tabaka juu ya tabaka. Katika ubongo na ugwe wa mgongo hutengenezwa na seli ziitwazo oligodendrosaiti, na seli moja huweza kuzifunika nyuzi nyingi kwa mara moja. Kazi yake ni mwendo. Kivuko cha Likoni kina upana wa kama nusu kilomita. Ujumbe wa neva nene yenye mielini, ukienda mita 100 kwa sekunde, ungeuvuka mkondo huo kwa sekunde tano. Ujumbe wa neva isiyo na mielini, unaokwenda mita moja kwa sekunde, ungechukua zaidi ya dakika nane. Neva iliyozoea mwendo wa kwanza ikivuliwa mielini yake, mara nyingi ujumbe haufiki kabisa, na ndipo mguu unapokataa kuinuka ingawa msuli wake ni mzima.

Protini za mielini zinazotajwa zaidi ni tatu. PLP ni karibu nusu ya protini zote za mielini ya ubongo, na MBP ni kama theluthi. Ya tatu, MOG, haifiki hata asilimia moja, lakini imekaa kwenye tabaka la nje kabisa, mahali ambapo kingamwili zinaweza kuifikia. Hii ndiyo sababu protini adimu kuliko wenzake imekuwa maarufu kuliko wenzake.

Seli T, yaani seli za kinga zilizo askari wakuu wa ugonjwa huu, haziioni protini nzima. Zinaona kipande. Seli nyingine lazima iimeze protini, iikatekate, kisha ikiweke kipande kimoja kwenye molekuli ya MHC juu ya uso wake, kama muuza samaki wa Marikiti anavyomwekea mnunuzi kipande juu ya meza. Molekuli hiyo ina mfereji, na asidi za amino tisa hivi za katikati ya kipande ndizo zinazoketi ndani yake. Umbo la mfereji hurithiwa. Kwa sababu hiyo ukoo mmoja wa vipanya huugua kwa kipande ambacho ukoo mwingine hukipuuza.

Vipanya weusi wa ukoo wa C57BL/6 huugua kwa kipande cha MOG kinachoanzia asidi ya amino ya 35 hadi ya 55. Vipanya weupe wa ukoo wa SJL huugua kwa kipande cha PLP cha 139 hadi 151. Ukiwabadilishia vipande hivyo, humpati mgonjwa. Tofauti haiishii hapo. Kipanya wa C57BL/6 hupooza na kubaki na ulemavu, akipata nafuu kidogo tu, ilhali wa SJL huugua, hupona, kisha huugua tena. Anayetaka kupima dawa ya kuzuia marudio ya ugonjwa akitumia C57BL/6 amekosea kabla hajashika sindano.

Mwili una shule ya kuziondoa seli T za hatari, nayo ni tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Huko seli T changa huonyeshwa vipande vya protini za mwili wenyewe, na inayovishika kwa nguvu huuawa. Lakini mtaala wa shule hiyo una mapengo, na pengo la PLP limechunguzwa likajulikana vizuri. Katika thaimasi, PLP hutengenezwa zaidi kwa toleo fupi liitwalo DM20, ambalo limekosa asidi za amino za 116 hadi 150. Kile kipande cha 139 hadi 151 karibu chote kimo ndani ya pengo hilo. Seli T za SJL zinazokitambua hazikupata kuonyeshwa ukurasa wake, zikahitimu, zikaingia mwilini bila kosa. Kwa MOG, vipanya waliozaliwa bila jeni ya protini hiyo huitikia kipande chake sawasawa na wenzao wazima, ishara kwamba hata wale wazima hawakuwahi kufunzwa kuivumilia.

Basi hatari imo mwilini tangu mwanzo. Kila kipanya wa C57BL/6 anazo seli T chache zinazoitambua MOG, na anaishi nazo bila kuugua. Ukimdunga kipande hicho kwenye maji ya chumvi peke yake, haugui. Ukikichanganya na mafuta ya Freund yasiyo na bakteria, haugui, na zaidi ya hapo, ukija kumdunga mchanganyiko kamili baadaye, mara nyingi ugonjwa hauji au huja hafifu. Kipande ni kile kile, na uzito wake ni ule ule. Kinachoamua kama kitakuwa ugonjwa au kinga ni kilichoandamana nacho. Wengi wanaoeleza EAE hupita haraka hapa, wakasema tu kwamba peptidi ya MOG, yaani kile kipande, husababisha ugonjwa. Peptidi hutaja nani ashambuliwe. Amri ya kushambulia hutoka kwa bakteria.

Hivi ndivyo mchanganyiko unavyoandaliwa. Peptidi ya MOG, iliyosafishwa zaidi ya asilimia 95, huyeyushwa kwenye maji ya chumvi kufikia miligramu 2 kwa mililita. Mafuta ya Freund huongezewa bakteria wa kifua kikuu wa aina ya H37Ra, waliouawa na kukaushwa, mpaka kufikia kama miligramu 4 kwa mililita, kwa sababu miligramu 1 inayokuja chupani mara nyingi haitoshi. Vitu hivyo viwili hupimwa sawa kwa sawa na kuchanganywa. Kila kipanya hupata mililita 0.2 chini ya ngozi, nusu upande huu na nusu upande wa pili, ikiwa ni mikrogramu 200 za peptidi. Kwa vipanya 10 hesabu ni mililita 2, lakini andaa 3 au 4, maana mchanganyiko huu ni mzito na hubaki mwingi ndani ya bomba. Siku hiyo hiyo, na tena baada ya siku mbili, kipanya hudungwa tumboni sumu ya bakteria wa kifaduro, kati ya nanogramu 200 na 400. Sumu hiyo hulegeza ukuta wa mishipa ya damu ya ubongo na pia huzivuruga zile seli T zinazotuliza wenzake.

Kosa linaloharibu majaribio mengi kuliko mengine yote ni kuchanganya vibaya. Maji na mafuta lazima vishikamane vikawa kitu kizito cheupe, kama mayonezi iliyoganda. Hupatikana kwa kuunganisha mabomba mawili ya sindano na kusukuma mchanganyiko huku na huko, vifaa vikiwa kwenye barafu, hadi mkono uchoke. Jaribio lake ni rahisi: dondosha tone moja kwenye bakuli la maji baridi. Likibaki tone, liko tayari. Likitawanyika na kuacha utando wa mafuta juu ya maji, endelea kusukuma. Mchanganyiko uliokatika huachia peptidi yote ndani ya siku chache, ilhali ulioshikamana huiachia kidogo kidogo kwa wiki, na tezi za limfu hazipati kupumzika. Mabomba yawe ya kioo au ya plastiki isiyo na mpira kwenye pistoni, kwani mafuta huuvimbisha mpira ukakwama. Vaa miwani. Mchanganyiko huu ukikurukia jichoni au ukijichoma nao kidoleni, huacha kidonda kigumu kisichopona upesi, kwani mwili wako nao unawajua bakteria hao.

Sumu ya kifaduro nayo ina mitego. Nguvu yake hutofautiana kutoka shehena moja hadi nyingine, hata kama lebo inasema uzito ule ule. Kila shehena mpya ipimwe kwa vipanya wachache kabla ya kuianzia kazi kubwa. Ikizidi, vipanya hufa siku za mwanzo kabla ugonjwa haujaanza. Ikipungua, nusu ya kundi hawaugui, na mtafiti asiye mwangalifu hudhani dawa yake imefanya kazi.

Kisha kuna mambo ya chumba. Kipanya mwenye msongo hutoa homoni inayozima kinga, na ugonjwa unachelewa au haufiki. Safari, kelele za ujenzi, mikono migeni, harufu kali, vyote huhesabika. Wapewe wiki moja ya kutulia baada ya kufika. Chumba kiwe kati ya nyuzi 20 na 24, unyevu asilimia 40 hadi 60, na mtu wa Mombasa anajua hesabu hiyo ilivyo mbali na hewa ya Machi hapa pwani. Bila kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana, pamoja na jenereta ya kukishikilia umeme ukikatika, jaribio hili halifanyiki katika mji huu. Tena bakteria wa matumbo wana sauti: vipanya waliolelewa bila vijidudu vyovyote huugua kidogo au hawaugui, ndiyo maana vipanya wa ukoo mmoja kutoka kwa wafugaji wawili huweza kuleta majibu mawili.

Baada ya sindano, kwa siku saba au nane huoni chochote. Ndani kuna shughuli. Seli za dendriti zilizo chini ya ngozi humeza mafuta, peptidi na vipande vya bakteria pamoja. Vipokezi vyake hutambua bakteria na kupiga kengele, kisha seli hizo husafiri hadi kwenye tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kinenani huitwa mitoki. Huko zile seli T chache za MOG hukutana na kipande chao kikiwa kimeandamana na ishara za hatari, nazo huzaana kwa maelfu. Baadhi huwa za aina iitwayo Th1 na nyingine za aina iitwayo Th17. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kiamshi cha ugonjwa ni intalukini 12, moja ya kemikali ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo, mpaka mwaka 2003 ilipoonyeshwa kwamba ni jirani yake, intalukini 23. Molekuli hizo mbili zinashiriki nusu moja ya mwili, na vipimo vya awali vilikuwa vinaipima ile nusu ya pamoja.

Zikishatoka kwenye tezi, seli hizo hunata kwenye kuta za mishipa ya damu ya ubongo na ugwe kwa molekuli iitwayo VLA-4, hupenya, na kufika kwenye nafasi nyembamba iliyo kati ya mshipa na tishu. Hapo huangalia tena. Seli wakazi za mahali hapo huonyesha vipande vya mielini ya mwenyewe, na seli T isiyotambua chochote huondoka. Inayotambua hubaki na kumwaga kemikali, mojawapo GM-CSF, zinazoita monosaiti, yaani seli nyeupe zinazomeza vitu, kutoka kwenye damu. Wageni hawa walioitwa ndio wanaoichanachana mielini kwa wingi. Seli T ziliwaonyesha njia.

Kati ya siku ya 9 na ya 14 dalili hutokea, na mizani huwahi kuliko macho, kwani uzito hushuka siku moja au mbili kabla. Hesabu ya dalili huenda 0 hadi 5: mkia uliolegea ni 1, miguu ya nyuma dhaifu ni 2, miguu ya nyuma iliyopooza ni 3, ikifika mikono ni 4, kufa au kukaribia kufa ni 5. Upooze hupanda kutoka nyuma kwenda mbele kwa sababu katika kipanya huyu uharibifu mkubwa uko kwenye ugwe wa mgongo, hasa sehemu ya chini, kuliko ubongoni. Jina la ugonjwa hutaja ubongo, lakini anayekata vipande vya ubongo tu na kuviangalia kwa darubini atasema kipanya ni mzima. Mpimaji asijue yupi alipewa dawa na yupi hakupewa, maana tofauti ya 2 na 2.5 iko machoni pa anayetazama.

Mnyama aliyefika 3 hawezi kukifikia chakula cha juu ya kizimba. Awekewe chakula laini sakafuni, chupa ya maji yenye mdomo mrefu, na kibofu chake kikaminywe taratibu kama hakojoi. Aliyebaki kwenye 4 asiachwe ateseke, auawe kwa njia isiyo na maumivu. Wanyama hawa wanafanyiwa jambo zito kwa ajili yetu, na kibali cha kamati ya maadili hakipunguzi wajibu wa anayewashika.

Sasa turudi kwenye lile jambo la kipande kile kile kuwa kinga. Miaka ya 1960 Michael Sela, Ruth Arnon na Dvora Teitelbaum wa Taasisi ya Weizmann huko Israel walitengeneza minyororo ya asidi za amino iliyofanana kidogo na MBP, wakikusudia isababishe EAE. Haikusababisha. Mmoja wao, wenye asidi nne tu, yaani alanini, laisini, glutamiki na tairosini, uliwazuia wanyama wasiugue. Mwaka 1996 Marekani iliuidhinisha kuwa dawa ya MS kwa jina la Copaxone.

Ushindi huo uliwapa wengine moyo wa kuchukua kipande halisi cha MBP, cha 83 hadi 99, na kukibadilisha asidi za amino chache ili kitulize seli T badala ya kuziamsha. Katika vipanya kilituliza. Mwaka 2000 jaribio la miligramu 50 kwa wiki kwa wagonjwa wanane lilisimamishwa: watatu ugonjwa uliwazidi, na kwa wawili kati yao seli T zilizoamshwa na dawa zilikuwa zinaitambua MBP yao wenyewe. Jambo la kusikitisha sana, tena lenye thamani, kwa kuwa lilithibitisha kwa binadamu kwamba kipande cha mielini kinaweza kuuwasha moto.

Njia hii imeleta dawa nyingine na hasara nyingine. Mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba kuifunika VLA-4 huzuia EAE, na mwaka 2004 dawa ya natalizumab ikaidhinishwa. Mwaka uliofuata iliondolewa kwa muda kwa sababu baadhi ya wagonjwa walishambuliwa ubongoni na virusi vya JC. Virusi hivyo ni vya binadamu, hivyo hakuna kipanya ambaye angeweza kutoa onyo hilo. Kuzuia TNF, kemikali ya kinga inayochochea uvimbe, nako kuliwasaidia wanyama, kisha mwaka 1999 kukaonekana kunawaongezea wagonjwa wa MS mashambulizi. Kwa hiyo unaposoma kwamba dawa fulani imeponya panya wenye MS, tafuta siku iliyotolewa. Dawa iliyotolewa siku ya sindano imezuia tezi za limfu zisiamke, jambo ambalo kwa mgonjwa aliyeingia kliniki limeshapita miaka. Iliyotolewa siku ya 15, mnyama akiwa amepooza, ina neno la kusema.

Na tafuta kipande. MOG ya 35 hadi 55 ya kipanya na ya binadamu zote zina asidi za amino 21, na zinatofautiana mahali pamoja, nafasi ya 42: serini kwa kipanya, prolini kwa binadamu. Ukimdunga kipanya kile kipande cha kipanya, ugonjwa unakwenda bila msaada wa seli B, zile zinazotoa kingamwili, na kuziondoa seli hizo huweza hata kuuzidisha. Ukimdunga protini nzima ya MOG ya binadamu, seli B na kingamwili zake zinahitajika, na kuziondoa humsaidia. Dawa ya ocrelizumab, inayoondoa seli B, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 na leo ni miongoni mwa dawa zenye nguvu dhidi ya MS. Aliyekuwa na kipande kile kifupi peke yake angeitupa.